Pūpū ya Hawaii: kifungua kinywa au kitafunio?

Swali: Natafsiri menyu ya vyakula vya Hawaii. Juu kabisa pameandikwa "pūpū". Nimeweka "vifungua kinywa", lakini mwenzangu anakataa. Niandike nini?

Jibu: Mwenzako amesema kweli. Kifungua kinywa ni chakula cha asubuhi, sawa na kiamsha kinywa cha Wakenya. Atakayekiona kwenye menyu saa mbili usiku atangoja chai na chapati. "Viamsha hamu" inakaribia, ila inaahidi mlo mkubwa nyuma yake, na pūpū haitoi ahadi hiyo.

Kwa Kihawaii, pūpū ni kombe na konokono, wa baharini na wa nchi kavu. Pia ni vile vipande vya samaki, kuku au ndizi vilivyoliwa pamoja na ʻawa, kinywaji cha mizizi ya mmea ulio ndugu wa mtambuu wetu. ʻAwa ni chungu na hutia ulimi ganzi, hivyo mnywaji alihitaji kitu cha kumtoa ule uchungu mdomoni. Mtu wa Lamu au Unguja ameshanielewa: kahawa chungu hutaka tende, halua au kashata. Siku hizi sahani ya pūpū inaweza kuwa na poke, yaani vipande vya samaki mbichi aliyeungwa, na watu huidonoa jioni huku wakinywa. Wengine hawali kingine usiku huo.

Kwa hiyo neno letu ni vitafunio, au vitafunwa kama wengi wanavyosema Tanzania. Sambusa, bagia na kachori hazitangulii mlo. Zinaandamana na chai. Pūpū nayo ni mwenzi wa kinywaji. Kitoweo nacho nilikipenda, kwa kuwa samaki na kuku wamo, lakini kitoweo hudai wali au ugali kando yake.

Ukitaka kulibakiza jina, usiziondoe alama juu ya herufi, maana u zote mbili ni ndefu. Ukiandika "pupu" tupu, msomaji wa Dar es Salaam atawaza supu ya utumbo. Upatanisho uwe kama wa sahani: pūpū hii, pūpū hizi. Kihawaii chenyewe hakiligusi neno katika wingi, hutanguliza tu nā. Mimi ningeandika: "Pūpū: vitafunio vya Hawaii".