Ile waini tamu ya kwenye ndege: naipata wapi?

Wiki hii barua karibu zote zinauliza jambo moja: kiglasi cha waini tamu kilicholetwa mwisho wa mlo, juu angani, kisha jina likapotea. Nimechagua zile zenye kitu cha kujibu. Walioniuliza kuhusu mbege wanivumilie, zamu yao inakuja.

Shikamoo Mjomba. Mwezi wa pili nilirudi Dar kutoka Amsterdam, na kwa bahati nikahamishiwa daraja la biashara. Baada ya chakula mhudumu alileta jibini lenye michirizi ya bluu na kiglasi cha waini ya rangi ya dhahabu, tamu, yenye harufu ya asali na maganda ya chungwa. Sikupiga picha wala sikushika jina. Chupa ilikuwa ndogo, basi. Nitaipataje? (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Usianzie dukani, anzia kwenye safari yako. Shirika la ndege halina waini moja ya mwaka mzima. Orodha hubadilishwa mara kwa mara, hutofautiana kwa daraja na kwa njia, na pengine ndege inayokwenda hubeba chupa tofauti na inayorudi. Kwa hiyo kabla ya yote andika tarehe, namba ya ndege, daraja ulilokaa, na kama ulikuwa mlo wa mchana au wa usiku. Hivyo vyote bado unavyo kwenye barua pepe ya tiketi, hata kama karatasi ya kupandia ulishaitupa.

Kisha waandikie huduma kwa wateja wa shirika lenyewe, mistari mitatu tu. Barua yenye namba ya ndege na tarehe ina nafasi ya kufikishwa kwa watu wa chakula na vinywaji. Barua ya kusifia jinsi ulivyofurahi hujibiwa "asante kwa maoni yako", na safari imeishia hapo.

Wakati unasubiri, pekua mwenyewe. Menyu za daraja la biashara huchapishwa au huwekwa kwenye programu ya shirika, na wapo wasafiri ambao hawali mpaka wamepiga picha kila ukurasa na kuuweka mtandaoni. Tafuta kwa Kiingereza: jina la shirika, njia, mwezi, mwaka. Halafu kuna mashindano yaitwayo Cellars in the Sky, yanayoendeshwa na jarida la Business Traveller tangu 1985. Waamuzi wanaonja bila kuona lebo, na waini tamu zina kundi lake. Matokeo yanataja waini kwa jina pamoja na shirika lililoileta. Wengi wanaotafuta waini za ndege hawajui kama kitu hiki kipo.

Hayo yote yakigonga mwamba, tunahojiana kuhusu ulimi. Kama waini ingekuwa ya kahawia, yenye harufu ya karanga na sukari iliyoungua, ningekuambia ni Port (waini iliyoongezewa pombe kali) aina ya tawny kutoka Ureno, na mashirika mengi yanaipenda kwa sababu ikifunguliwa haiharibiki upesi. Kama ingenukia maua na zabibu mbichi, ningetafuta Muscat, tuseme ya Beaumes-de-Venise kusini mwa Ufaransa. Asali, chungwa na rangi ya dhahabu vinabakiza wawili wakubwa: Sauternes ya Bordeaux na Tokaji ya Hungaria. Jiulize ulipomeza ilikuwaje. Tokaji ina uchachu mkali unaoukata utamu, na mate yanakujaa mdomoni. Sauternes ni nzito, inateleza, na mara nyingi ina vanila ya pipa la mwaloni. Chupa ndogo ya Sauternes huwa ya mililita 375, ya Tokaji ni ya 500.

Kwa sababu ya lile jibini la bluu, dau langu naliweka kwa Sauternes. Ndoa hiyo Wafaransa wameifungisha zamani. Tafuta nusu chupa ya Sauternes ya bei ya kati, onja, kisha amua. Usikimbilie Château d'Yquem. Hiyo iliwekwa peke yake juu ya waini tamu nyingine zote katika orodha ya madaraja ya waini za Bordeaux ya 1855, na bei yake mpaka leo inakumbuka.

Habari Mjomba. Mimi nakumbuka mambo mawili tu: kwenye lebo kulikuwa na neno linaloanza na "putto" na namba 5. Nimeuliza maduka matatu Eldoret, wananiangalia tu. (Msomaji, Eldoret)

Hiyo umeshaipata. Neno ni "puttonyos" na waini ni Tokaji Aszú. Zamani puttony ni kikapu cha kubebea mgongoni: walihesabu vikapu vingapi vya zabibu zilizosinyaa vimeongezwa kwenye pipa moja. Siku hizi hesabu ni ya sukari. Tano maana yake angalau gramu 120 kwa lita, sita ni 150. Hiyo 5 si umri wa waini, ingawa wapo wauzaji watakaokuapia hivyo.

Bado unakosa jina la mtengenezaji. Nje ya Hungaria utakutana zaidi na Royal Tokaji, Disznókő na Oremus. Fungua picha za lebo zao kwenye Vivino, programu ya simu ya wapenzi wa waini, nina hakika jicho litakumbuka kabla ya kichwa. Ukishajua, tovuti ya Wine-Searcher itakuonyesha nani anauza na kwa bei gani. Eldoret usiisubiri. Mwandikie mwagizaji wa Nairobi, na uulize kama anaweza kukuongezea chupa kwenye oda yake inayofuata.

Mjomba, mimi jina nililipata, chupa ile ile, mwaka ule ule wa mavuno. Nimeifungua nyumbani, ni tamu mpaka meno yanauma. Kwenye ndege haikuwa hivi. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Mombasa)

Sidhani. Aliyebadilika ni wewe.

Ndani ya ndege ya safari ndefu, hewa ni kama ya mlimani kwenye mita 1,800 hadi 2,400, na ni kavu, unyevu mara nyingi hauzidi asilimia 20. Pua inakauka, na bila pua ulimi hauna kazi kubwa, kama mtu mwenye mafua. Mwaka 2010 taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ililifanyia jambo hili utafiti kwa ajili ya shirika la Lufthansa. Waliwakalisha watu ndani ya kipande cha ndege ya Airbus kilichowekwa kwenye chumba cha kupunguza mgandamizo wa hewa, wakawalisha. Ladha ya chumvi na ya sukari ilififia, ya uchachu na uchungu ikabaki karibu ilivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell wakaongeza la pili: kelele peke yake, ya kiwango cha ndani ya ndege, hupunguza utamu tunaousikia na kuipa nguvu ladha ile ya nyanya iliyoiva na supu ya nyama. Ndiyo maana watu wasiogusa juisi ya nyanya nyumbani huiomba angani.

Sasa piga hesabu. Juu kule sukari ya waini yako ilikuwa imepunguzwa na uchachu wake haukuguswa, kwa hiyo ikakaa sawa. Mombasa sukari imerudi yote, na pengine umeimimina ikiwa na joto la sebuleni. Iweke friji mpaka ifike nyuzi 8 au 10, tumia glasi ndogo, na kula nacho kitu cha chumvi: korosho za kukaanga au jibini kali. Keki weka mbali. Chupa iliyobaki ifunge, irudishe friji, itakaa wiki nzima na zaidi bila kulalamika.

Nimeambiwa waini hizi zinatengenezwa na zabibu zilizooza. Mbona hawasemi? (Msomaji, Mwanza)

Wanasema, na kwa majivuno. Si zote lakini. Sauternes na Tokaji Aszú hutegemea kuvu iitwayo Botrytis cinerea. Inatoboa ganda la zabibu vitundu vidogo sana, maji yanatoka kama mvuke, na kinachobaki ni sukari, uchachu na harufu ile ya asali. Zabibu yenyewe inakuwa ya zambarau chafu, imekunjamana, ina vumbi la kijivu. Ukiletewa sokoni Kirumba ungeirudisha na maneno juu.

Kazi ni kwamba kuvu hiyo hiyo, mvua ikizidi, inaozesha kweli kweli. Inataka ukungu asubuhi na jua mchana. Huko Sauternes ukungu unatengenezwa na mto mdogo wa maji baridi, Ciron, unapoingia kwenye Garonne yenye maji ya vuguvugu zaidi wakati wa vuli. Wavunaji hupita shamba lile lile mara nyingi kwa majuma kadhaa, wakichuma tu punje zilizofikia. Pale Yquem husemwa kwamba mzabibu mmoja unatoa glasi moja. Ukiona bei, kumbuka hilo kabla hujakasirika.

Jambo sana Mjomba. Nilipanda ndege kutoka Johannesburg, wakanipa waini tamu kutoka chupa nyeusi, fupi, ya umbo la kizamani. Mhudumu akasema Napoleon aliinywa. Alinidanganya? (Msomaji, Lubumbashi)

Hakukudanganya. Hiyo ni Vin de Constance ya shamba la Klein Constantia, Cape Town. Shamba mama la Constantia lilianzishwa na gavana Simon van der Stel mwaka 1685, na waini yake tamu ikawa maarufu Ulaya nzima. Napoleon aliletewa kisiwani Saint Helena alikofungwa. Mwishoni mwa karne ya 19 mashamba yakaanguka, wadudu wa mizizi wakiwa sababu mojawapo, waini ikapotea. Ilifufuliwa na mavuno ya 1986, kwa zabibu za Muscat zinazoachwa zikaukie mtini, bila kuvu na bila kuongezewa pombe kali. Chupa ni ya mililita 500, na umbo lake limeigwa kutoka zile za kale. Katika barua zote za leo, yako ndiyo nyepesi kuipata na ndiyo ningeifukuzia mwenyewe.

Nikinunua waini tamu kwenye duka lisilo na ushuru uwanja wa ndege, nitafika nayo Dar? (Msomaji, Doha)

Kutoka Doha moja kwa moja, hakuna shida. Shida ni ukibadilisha ndege na kupita tena kwenye ukaguzi, kwa sababu kwenye viwanja vingi kikomo cha vimiminika begi la mkononi ni mililita 100. Hapo chupa iwe kwenye mfuko maalumu uliofungwa na duka, risiti ikionekana, na usiufungue hata kuwaonyesha watoto. Ya kwenye begi kubwa haina kikomo cha usalama wa anga ikiwa kilevi chake hakizidi asilimia 24, na waini hizi zote ziko chini ya hapo, hata Port. Viringishia suruali ya jinzi.

Forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia na waini isiyozidi lita mbili bila ushuru, au pombe kali isiyozidi lita moja. Lita mbili ni chupa nne za Tokaji barabara.

Kwa nini tuhangaike na Wazungu wakati Dodoma ipo? (Msomaji, Dodoma)

Swali zuri na lina hasira ndani yake. Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Bordeaux wataliota tu, na waini tamu zake nyekundu zina wapenzi wengi. Ila ni kitu kingine. Ule ukungu wa asubuhi Dodoma haupo, kwa hiyo kuvu ya Sauternes usiitegemee. Njia ambayo naona ingewezekana kwenu ni ya Waitaliano: kuchuma zabibu, kuzianika kivulini mpaka zisinyae, ndipo kukamua. Ukavu mnao, upepo mnao. Mtu akijaribu na zabibu nyeupe, anitumie chupa, nitalipa nauli ya basi.

Naweza kumwomba mhudumu anipe chupa iliyobaki niondoke nayo? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Vinywaji vya ndani ya ndege viko chini ya usimamizi wa forodha, na makabati hufungwa kwa lakiri kabla ya kutua. Omba akuletee chupa uione, wengi hawakatai. Piga picha lebo ya mbele na ya nyuma. Ya nyuma ndiyo yenye jina la mtengenezaji na kiwango cha kilevi kwa maandishi madogo, kwa hiyo washa taa ya kusomea kwanza.