Maswali ya Wasomaji: Kutoka gerezani na kuanza kazi upya

Barua nne za mwezi huu zimetoka Nyanda za Juu Kusini. Walioziandika wametoka gerezani, au wana ndugu aliyetoka, na wanataka kujua pa kuanzia.

Nimetoka mwezi uliopita. Kitambulisho changu cha taifa, cha NIDA, kilipotea nikiwa ndani, na laini yangu ya simu haishiki tena. Nianze na kipi? (Msomaji, Tukuyu)

Anza na NIDA. Kilichopotea ni kadi tu. Namba yako ni ileile ya tarakimu 20, na imeunganishwa na alama za vidole vyako. Chukua taarifa ya upotevu polisi, kisha nenda ofisi ya NIDA ya wilaya ukiwa na karatasi yako ya kuachiliwa. Akitokea mtu wa kukushauri ujisajili upya kwa jina jingine ili yaliyopita yasionekane, mkatalie. Vidole vitakuumbua, na utakwama kabisa.

Angalia pia majina. Huko Rungwe, majina ya Mwa- hukosewa herufi moja kwa urahisi, na karatasi ya gereza ikasoma tofauti na NIDA. Likikukuta hilo, kula kiapo cha maandishi kwa wakili au mahakamani kwamba majina yote mawili ni yako. Kopi za karatasi zote mwachie mama au ndugu unayemwamini.

Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba hupewa mteja mwingine. Waambie jamaa wasitume tena pesa kwenye namba ya zamani. Ukishasajili laini mpya piga *106# uone ni laini ngapi ziko kwa NIDA yako. Usiyoitambua nenda ukaifute kwa mtoa huduma mapema, kwa sababu ikitumika kutapeli, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Nilijifunza useremala gerezani kwa miaka minne. Sina cheti, sina vifaa. Kila karakana ninayopita Mwanjelwa naulizwa nilikuwa kwa fundi gani. (Msomaji, Uyole)

Ndugu yetu, ufundi unao, ila hakuna karatasi wala mtu wa kukushuhudia. Vyote viwili vinapatikana.

Karatasi kwanza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa watu waliojifunza kazi nje ya chuo. Nenda chuo cha VETA Mbeya uulize lini wanaandikisha fani ya useremala. Utahojiwa, utapimwa kwa vitendo, utaongezewa pale ulipopungukiwa, kisha utapewa cheti. Wenye ndugu ambao bado wako ndani wawaambie waombe, kabla ya siku ya kutoka, barua ya msimamizi wa karakana inayoeleza kazi walizofanya.

Vifaa usikope. Anza na tepu, msumeno wa mkono, nyundo, skwea, patasi ya nusu inchi, randa ya mkono na jiwe la kunolea. Vingi hupatikana vikiwa vimetumika. Kazi ya mashine lipia kwa mwenye mashine, ubao kwa ubao. Halafu mwombe fundi mmoja akupe kona ya karakana yake, umlipe kwa kumsaidia kupiga msasa na kupaka vanishi. Hela si nyingi, lakini baada ya miezi michache yeye ndiye atakayekuwa jibu la "ulikuwa kwa nani".

Sasa mbao, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanaoanza huharibikiwa. Paini inayoshuka kutoka Mafinga mara nyingi huuzwa mbichi. Ukiunga kitanda cha 5 kwa 6 kwa mbao mbichi kitapendeza wiki mbili, kisha mbao zitasinyaa, maungio yataachia, na kitanda kitaanza kulia mteja akijigeuza usiku. Nunua mapema. Zipange juu ya matofali, kivulini, mahali penye upepo. Kila safu itenge na vibanzi vya inchi moja, na vibanzi vyenyewe vikae mstari mmoja toka chini hadi juu, la sivyo mbao zitapinda. Ncha zipake rangi yoyote iliyobaki ili zisipasuke. Kiangazi ubao wa inchi moja unaweza kukauka kwa mwezi mmoja na nusu hivi. Masika, na ukungu wa Uyole, subiri zaidi. Chagua ubao mmoja uupime kila wiki kwenye mzani wa duka. Uzito ukiacha kushuka, mbao ziko tayari.

La mwisho ni advansi, na tunalisema kwa uzito. Fundi mwingine akichelewesha kabati, mteja hununa. Wewe ukichelewesha, mteja anaweza kwenda polisi, na jina lako litafika kabla yako. Kwa hiyo advansi iwe ya mbao, misumari na gundi tu. Nendeni pamoja kununua, risiti iandikwe jina la mteja. Usiguse hela ya mteja wa pili kumalizia kazi ya wa kwanza, hata kama ni elfu kumi. Nunua kitabu chenye nakala, uandike kipimo, aina ya mbao, bei, kilicholipwa na siku ya kukabidhi, kisha nyote mtie saini.

Mdogo wangu anaomba kazi ya ghalani. Akiulizwa alikuwa wapi miaka mitano aseme nini? (Dada, Iringa mjini)

Aseme kweli, kwa kifupi, asisubiri kubanwa. Kwa mfano: "Nilifungwa kwa kosa la wizi, nikamaliza kifungo. Ndani nilifanya kazi ya stoo na shamba. Barua ya mtendaji wa mtaa hii hapa, na mtu wa kunidhamini yupo." Anyamaze hapo. Wengi hukosea kwa kueleza kesi nzima na kulaumu mashahidi, na mwajiri huondoka na kesi badala ya mtu. Dada, wewe usiwe mdhamini wake ikiwa kuna mzee wa kanisa, imamu au mwajiri wa zamani. Ndugu hutegemewa kumtetea ndugu. Na kama kosa lilikuwa la wizi, aombe kwanza kazi ya kupakia, asiombe ya kushika funguo.

Mwaka 2017, nikiwa gerezani, kaka aliuza ekari mbili alizonigawia baba huku Mufindi. Mnunuzi amepanda miti. Nimeshapoteza? (Msomaji, Mufindi)

Hujapoteza. Mtu hawezi kuuza kisicho chake, na madai ya kurejeshewa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Hesabu yako inaanzia 2017, kwa hiyo una mpaka 2029. Tunakuomba sana usiikate miti hiyo wala kung'oa hata mche mmoja. Huo ni uharibifu wa mali, na utarudi ndani ukiwa na haki yako mkononi.

Omba ofisi ya kijiji ikuonyeshe muhtasari wa kikao kilichopitisha mauzo, maana ardhi ya kijiji haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Kama kikao hakikukaa, hoja yako imepata nguvu. Andika majina ya waliokuwepo baba akigawa, na majirani wa mipaka yote minne, wangali hai. Kisha peleka lalamiko Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Baraza hilo halihukumu, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila mwafaka, chukua hati yao uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huna hela ya wakili? Uliza ofisi ya kata kuhusu wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Kwenye usuluhishi sikiliza kila pendekezo. Paini huchukua zaidi ya miaka kumi kufaa kwa mbao, kwa hiyo mnunuzi anaweza kukubali mgawane miti, au kaka akufidie shamba jingine. Mkikubaliana, yaandikwe, yasainiwe na nyote watatu, na nakala moja ibaki ofisi ya kijiji.

Wakati shauri likiendelea utahitaji kula. Kwenye kupalilia miti na kupakia mbao malipo huwa kwa kipande. Kabla hujashika jembe, muulize msimamizi kipande kina hatua ngapi na hela inatoka siku gani.