Muulize usingizi kwanza: nilivyokwama Uyole nikiwa mwanafunzi wa China wakati wa korona

Mkuu, nimeusoma uzi wako jana usiku, na nimeona nisikujibu kwa mistari miwili. Umesema mdogo wako anasoma China, yuko mwaka wa pili, karudi Iringa likizo na sasa hataki kusikia habari ya kurudi chuo. Hatoki chumbani, chakula anakigusa tu, na ukoo umegawanyika: upande wa baba wanasema karogwa, upande wa mama wanasema anadeka. Ukauliza sisi tuliokuwa wanafunzi wa nje wakati wa korona tulivukaje, na msaada tuliupata wapi. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nitakueleza yangu bila kuficha.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari katika mji mmoja wa mashariki mwa China. Katikati ya Januari 2020 nikaja nyumbani Uyole, Mbeya, kwa likizo ya mwaka mpya wao. Nilibeba begi moja. Kompyuta, vitabu na nguo za baridi vyote niliviacha bwenini, maana nilikuja kwa mwezi mmoja tu. Tarehe 23 Januari Wuhan ikafungwa. Tarehe 28 Machi China ikawafungia wageni mipaka yake, hata sisi tuliokuwa na vibali halali vya kuishi. Wanafunzi kama sisi walianza kupewa tena viza Agosti 2022. Hesabu mwenyewe.

Wiki za mwanzo watu walinikwepa. Kulikuwa na msiba mtaa wa pili, nikavaa, nikatoka, mzee mmoja akanifuata njiani akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi tunakupenda, lakini leo rudi nyumbani." Nikarudi. Huku kwetu mtu anaweza kukosa harusi kumi akasamehewa, lakini kukatazwa msibani ni kuambiwa wewe si mwenzetu. Mzee yule simlaumu, wakati ule kila mtu alikuwa anaogopa. Ila niliingia chumbani siku hiyo na sehemu yangu fulani haikutoka tena kwa muda mrefu.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye. Tarehe 1 Juni 2020 vyuo vya hapa nchini vikafunguliwa. Niliwaona vijana wa mtaani kwetu wakipakia mabegi na magodoro kwenye bajaji. Soko la Mwanjelwa likajaa kama zamani, makanisa yakajaa, watu wakaacha kuongelea ugonjwa. Kwao ulikuwa umepita. Mimi bado nilikuwa ndani yake, na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu nilikuwa kwa mama yangu, nakula, ninalala chini ya bati. Mtu wa namna hiyo atasema anaumwa nini?

Rafiki yangu mmoja, kijana wa hapo hapo kwenu Iringa, yeye alifungiwa Wuhan siku 76. Huyo kila mtu alimwombea. Mama yake alipigiwa simu na watu asiowajua. Na ninachotaka ukisikie ni hiki: yule aliyefungiwa alipata msaada kabla yangu mimi niliyekuwa nyumbani. Chuo chao kilitoa namba ya simu ya ushauri nasaha. Alipiga, akaongea na mama mmoja kwa Kiingereza cha kuokotezana pande zote mbili, na anasema nusu saa nzima alichoweza kueleza ni kwamba moyo wake ni mzito. Yule mama akadhani anaumwa moyo, akataka kumwitia gari la wagonjwa. Walielewana mwishoni, akawa anampigia kila Jumatano. Chuo changu nacho kilituma namba kama hiyo. Niliifuta. Niliogopa ikijulikana sina nguvu, ufadhili wangu wa nusu ada utaguswa, na niliogopa habari itafika nyumbani kwamba mtoto aliyeuziwa shamba la Inyala ili asome kaharibikiwa. Mdogo wako huenda ana hofu hiyo hiyo. Wanafunzi wa nje wengi wanayo: anayekuumiza na anayekulisha ni mmoja, yaani yale matumaini ya watu wa nyumbani.

Sasa masomo. China iko mbele yetu kwa saa tano. Kipindi cha saa mbili asubuhi kule ni saa tisa usiku Mbeya. Nilikuwa naamka saa nane na nusu, najifunika blanketi, nakaa sebuleni karibu na dirisha la upande wa barabara ya Tukuyu kwa sababu mtandao ulishika pale tu. Simu naiegemeza kwenye chupa ya chai. Juni na Julai unaijua baridi ya Uyole, vidole vinakufa ganzi unashindwa hata kuandika. Umeme ukikatika, naikimbiza betri hadi izime. Muhula wa wodini nao tuliusoma kwa video: nilimtazama mtu akishona kidonda kwenye kioo chenye upana wa kiganja, nikapewa alama za kushona kidonda. Vipindi vikiisha ni saa moja asubuhi, nyumba nzima inaamka, mimi ndiyo nataka kulala. Lakini kijana wa kiume hawezi kulala mchana wakati baba anakwenda kupalilia viazi. Nabeba jembe, naenda.

Usiku mmoja mwalimu wa Kichina alikuwa anaita majina, nami nikaitikia kwa Kichina, "dao", yaani nipo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga begani. Sikujua alikuwa pale tangu lini. Akaniuliza, "Mwanangu, unaongea na nani?" Nikamwonyesha simu. Mtandao ulikuwa umekata, kioo cheusi. Asubuhi yake nikasikia anasali kwa sauti ya chini jikoni, anataja jina langu.

Nilianza kukonda. Tumbo likawa linawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Nikaenda zahanati moja mara tatu ndani ya miezi miwili. Nilipimwa malaria, nikapimwa taifodi, nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Mimi, mwanafunzi wa udaktari! Kila nilipokaa mbele ya mganga nilitaja tumbo na kichwa, kwa sababu hayo yanasemeka. Sikusema kwamba nina wiki kadhaa natamani nilale nisiamke. Hakuuliza, sikusema, nikarudi na mfuko wa vidonge. Ndiyo maana nasisitiza, ukimpeleka mdogo wako usiruhusu aishie kwenye tumbo.

Aliyenitoa ni mama mdogo wangu, muuguzi wa huko Rungwe. Alikuja kututembelea na mkungu wa ndizi, akanikuta nimekaa nyuma ya nyumba. Akanisalimia kwa Kinyakyusa kama watu wote wanavyosalimiana asubuhi: "Ugonile?" Nikaitikia kama watu wote wanavyoitikia. Yeye hakuendelea. Akavuta kigoda, akakaa, akasema kwa Kiswahili, "Hapana, baba. Nimekuuliza, umelala?"

Mkuu, wewe ni mtu wa Iringa, pengine hulijui neno lile. Ugonile ni umelala. Kila siku kwa miezi, watu kumi, kumi na tano, walikuwa wananiuliza swali la kweli kabisa, nami nalipita kwa sababu ni salamu. Yeye alilisubiri jibu. Nilimwambia sijalala tangu Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Baada ya hapo maneno mengine yakatoka yenyewe, hata lile la kutamani nisiamke.

Hakunihubiria. Alifanya mambo mawili siku ile ile. Kwanza alimfuata baba kwenye stoo ya viazi akamwambia dawa zote za kupulizia zihame, chupa zote, hata zilizobaki kidogo. Baba hakuuliza kwa nini. Alizipakia kwenye toroli akazipeleka kwa jirani, stoo yenye kufuli. Nilimwona akisukuma ile toroli, na ndipo nilipojua kwamba ameelewa. Sisi wakulima dawa hizi tunaishi nazo ndani kama chumvi. Nyumbani kwenu kama zipo, zihamishe leo, kabla hata ya kumaliza kunisoma.

Pili, kesho yake alinisindikiza Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Njiani kwenye daladala nilimwambia, "Mama mdogo, wakinipeleka Mirembe?" Unajua neno Mirembe linavyotumika mitaani. Akanijibu kwamba Mirembe ni hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, kuna watu wanaingia na kutoka, na mimi hakuna aliyesema naenda huko. Tukakata kadi kama wagonjwa wengine, tukaelekezwa kliniki ya afya ya akili. Nilitarajia vitu vya kutisha. Nilikuta benchi, akina mama wawili na wanafunzi waliovaa sare za shule.

Daktari aliniuliza maswali tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha na vitu nilivyovipenda, kujiona sifai, mpaka la mwisho, kama nimewahi kufikiri ni heri kufa. Kila swali ananipa nafasi ya kusema ni siku ngapi. Nilijua karatasi ile, nilishaisoma darasani! Kujua jina la ugonjwa hakukunisaidia kitu mpaka mtu mwingine aliponiuliza. Akasema ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, akaniandikia dawa yake, fluoxetine, na kunipangia kurudi kila baada ya wiki mbili kuongea na mshauri. Akaniambia wazi kwamba dawa hii wiki za mwanzo unaweza kuona haifanyi lolote, nisiiache, na hata nikipata nafuu nisiiache ghafla bila kumwambia. Ilikuwa kweli. Wiki ya tatu bado nilikuwa nalia. Karibu wiki ya sita, asubuhi moja nilisikia harufu ya chai ya mama, nikagundua sikuwa nimeisikia harufu ile kwa muda mrefu sana.

Mchungaji wetu aliendelea kuniombea, na kila tarehe ya kliniki alikuwa ananikumbusha. Kwa hiyo wale wa kwenu wanaotaka maombi usigombane nao. Waambie waombe, lakini kadi ya hospitali ikatwe. Wale wa kurogwa nao usibishane nao sana, muda ni mali ya mgonjwa.

Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa kwanza wa korona sonona na wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana ni kati ya walioumia zaidi. Nilimsomea mama. Akasema, "Kumbe mlikuwa wengi." Akatulia kabisa baada ya hapo, maana alikuwa anajilaumu yeye.

Nilirudi chuo mwishoni mwa 2022 na nilimaliza. Lakini mdogo wako usimwambie hadithi ya kumaliza. Kwa sasa chuo kisitajwe kabisa, wala ada, wala "wenzako". Aandikiwe barua ya kuahirisha masomo kama itabidi, vyuo vina utaratibu huo, na cheti cha daktari husaidia kuuanzisha. Ingia chumbani kwake na chai, kaa chini, muulize jana alilala saa ngapi na aliamka saa ngapi. Kisha nyamaza. Akijibu, hata kwa neno moja, uliza la kula. Lile la kutamani kufa nalo muulize waziwazi, kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake usiku huo, na asubuhi mwende wote Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Iringa. Mkifika dirishani semeni afya ya akili, msiseme tumbo.

Akikataa kwenda kwa sababu ya kuogopa kuonekana, niandikie ujumbe. Nitaongea naye kwa simu, kwa Kichina kama atapenda, ili wengine ndani ya nyumba wasielewe.