Rangi Inaliwa na Bukari?

Juzi kijana mmoja wa Likasi, hapa Kongo, aliniandikia: "Yaya, mkubwa wangu, nachora tangu shule ya msingi. Wenzangu wako kwenye mashimo ya shaba, wanarudi na pikipiki. Mimi nina tablo kumi chini ya kitanda na deni la rangi. Uchoraji unamsaidia nani?"

Marehemu baba alikuwa na swali hilohilo, ila yeye alilifupisha: "Rangi inaliwa na bukari?" Bukari ndiyo ugali wetu.

Wewe unayenisoma najua una brashi mahali, au gitaa, au daftari la mashairi chini ya mto. Basi sikiliza, mdogo wangu.

Mimi niko Katuba, hapa Lubumbashi. Miaka ya mwanzo nilichora mabango ya vinyozi. Hapo hakuna la kusimulia. Mwaka juzi bwana mmoja akaniletea picha ya pasipoti ya mdogo wake aliyefukiwa shimoni. Alitaka tablo kubwa ya saloni, yaani sebuleni. Akaacha dola ishirini, mimi nikafanya kazi siku tisa. Alipokuja alisimama mlangoni tu, hata viatu hakuvua. "Huyu si yeye," akasema, akaenda. Mtaa mzima ukanijua kama fundi aliyeshindwa na pua. Bado inaniuma, sitajifanya. Tablo niliigeuza ikatazama ukuta.

Mwezi uliopita akaja mama yao. Nilidhani anadai zile dola. Kumbe alitaka kuiona. Nikaigeuza, nikampa kigoda. Alikaa kimya mpaka nikaona haya, kisha akasema: "Pua si yake. Lakini bega hili ni lake. Alikuwa anainama hivi akisikiliza redio." Bega hilo nililiinamisha kwa sababu kitambaa kilikuwa chembamba, sikumwambia. Akaanza kusimulia: mpira wa jioni, betri alizokuwa akizianika juani, kicheko chake. Tangu mazishi, alisema, nyumbani hakuna anayetaja jina la kijana yule. Jua likazama bado anasimulia. Mwishoni akaniomba nimwekee redio pembeni.

Wazee wa mji huu walikuwa na neno la picha za namna hii: ukumbusho. Yule mamba muntu wa saloni, nusu mwanamke nusu samaki, au ile picha ya afisa wa Kibelgiji akisimamia mfungwa anayechapwa, haikutundikwa kuziba ufa. Mgeni akiitazama anauliza, na mwenye nyumba anaanza kusimulia. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alilijua hilo vizuri. Mwaka 1973 na 1974 alichora tablo karibu 100, historia ya nchi nzima, akajiita mwanahistoria. Hakungoja profesa ampe ruhusa. Na wewe usingoje.

Usiniambie huna vifaa. Katika karakana ya uchoraji iliyoanzishwa mjini hapa mwaka 1946, mchoraji Bela alichora kwa ncha za vidole, na picha zake leo zimo katika majumba ya makumbusho. Vidole unavyo. Chora kila siku. Ukichoka, chora kidogo, lakini chora kila siku. Na ulipwe nusu kabla hujagusa brashi. Mimi dola ishirini zile hazikutosha hata rangi.

Sikukatazi shimo. Mtu mwenye njaa haambiwi maneno, na mimi mwenyewe nimeuza makaa miezi ya mvua. Lakini acheni kuniuliza sanaa inamsaidia nani kana kwamba shaba inamsaidia kila mtu! Huyo mama alikuwa na mtoto mwenye pesa za shimo. Pikipiki yake iliuzwa kulipia msiba. Kilichobaki ni picha ya pasipoti na bega nililolikosea.

Jumamosi anakuja kuichukua. Redio imekamilika, na antena yake nimeivuta mpaka ukingoni mwa kitambaa. Pua sijaigusa, mwenyewe amekataa.