Mashine ya kukaushia inachelewa kukausha mashuka

Dada, mashine kukaa saa mbili na mashuka ya gesti bado mabichi haina maana kwamba imekufa. Usikubali fundi akuuzie hita mpya kabla hajaangalia bomba la hewa la nyuma. Chomoa umeme, vuta mashine mbele, fungua bomba, kwangua zile nyuzinyuzi za nguo kwa brashi ndefu. Zitatoka nyingi mpaka ushangae. Kichujio cha mlangoni kisafishe kila ukitoa nguo, sio kila wiki.

Halafu toka nje uangalie tundu la ukutani. Huku Shangani watu wanapenda kuliziba kwa wavu wa mbu, na wavu huohuo ndio unaonasa nyuzi zote hewa ikakosa pa kutokea. Ung'oe, weka kifuniko kinachojifungua mashine ikiwaka, ila kikague mara kwa mara maana chumvi ya bahari inakwamisha bawaba.

Bomba likiwa la plastiki, badilisha leo leo. Weka la bati gumu, fupi, lenye kona chache. Nyuzi zile zikikauka zinadaka moto upesi mno, kwa hiyo usiwashe mashine halafu ukaenda sokoni.