Muulize Fundi: Beringi mpya, mvumo ule ule

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu dogo, la kuvutwa na magurudumu ya mbele, lilianza kuvuma kwa nyuma nikifika kilomita 60 kwa saa. Nikaambiwa beringi. Nimebadilisha ya kulia, halafu ya kushoto, mvumo uko pale pale. Sasa fundi wangu anasema ni difu. Nimpe kazi?

JIBU: Marahaba. Usimpe. Difu ni gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu, na gari linalovutwa na mbele halina difu nyuma, sasa atafungua nini?

Zima gari, chuchumaa nyuma ya gurudumu, weka kiganja juu ya kashata za tairi, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, ukisugue kuelekea mbele, kisha ukirudishe. Ukisikia upande mmoja laini na upande mwingine unakukwaruza kama meno ya msumeno, ndiyo hiyo “beringi” yako. Kila kashata imelika upande mmoja, na zikigonga lami kwa mfululizo zinavuma sawasawa na beringi iliyokufa. Kwenye magari ya aina yako hili ni la kawaida, maana matairi ya nyuma yana mzigo mdogo na kazi yao ni kuburuzwa tu. Usipoyahamisha mbele kila baada ya kilomita 10,000 hivi, yanaota meno.

Kama badala ya meno unakuta mabonde, moja hapa, jingine mbele kidogo, kagua shokapu. Zikichoka tairi linadundadunda. Na likiwa kipara upande wa ndani huku nje lina kashata nzuri, bushi, ile mipira ya kwenye viungo vya chini ya gari, zimekwisha au kuna kitu kimepinda. Upande huo wa ndani huwezi kuuona ukiwa umesimama, ingiza mkono.

Nakwambia kwa uchungu, kwa sababu na mimi niliwahi kumfungia mteja beringi mbili kabla sijagusa tairi lake. Hela ya ufundi nilimrudishia. Beringi zilibaki kwenye gari lake, mpya kabisa, zisizo na kazi.

Kuthibitisha, hamisha matairi ya nyuma yaje mbele, ukiangalia mshale wa mwelekeo kama upo. Mvumo ukihamia mbele, umepata jibu. Beringi haihami. Yenyewe hubadilika unapokata kona: ukikata kushoto uzito unaegemea kulia, na mvumo ukizidi hapo, shuku ya kulia. Tairi hubadilisha sauti kwa barabara. Kwenye lami laini linatulia, kwenye kokoto za lami linapiga kelele.

Ukiinua nyuma kwa jeki, weka kigingi magurudumu ya mbele kwanza. Breki ya mkono kwa kawaida inashika ya nyuma, na hayo umeshayanyanyua!

Meno madogo yanaweza kusawazika yenyewe yakikaa mbele. Yale makubwa, nunua tairi.

SWALI: Nina hela ya matairi mawili tu. Nifunge mbele, si ndiko kunakovuta na kukata kona?

JIBU: Funga nyuma. Najua mafundi wengi watakucheka, hata nyumbani kwangu tumebishana. Lakini fikiria barabara yenye maji. Mbele ikiteleza, gari linagoma kukata kona, usukani unakuwa mwepesi mkononi, unaachia mafuta na mara nyingi linashika tena. Nyuma ikiponyoka, gari linazunguka, na ukija kushtuka unatazama ulikotoka. Hayo yaliyobaki yaende mbele, mradi hayajafika kipara. Nchi nyingi zinakataa kina cha kashata cha chini ya milimita 1.6, na kwenye maji hata hiyo ni ndogo.

Kabla ya kulipa, tafuta kwenye ubavu wa tairi maandishi ya DOT, usome tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, geuza tairi, mara nyingine zimeandikwa upande mmoja tu.