Maswali ya Wasomaji: Mbwa wa Kwenye Skrini

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Chikongola tunabeti mbwa kwenye skrini. Wenzangu wanadai mbio zinarushwa moja kwa moja kutoka Uingereza. Mimi namfuata namba 3, kwa kuwa hajashinda tangu asubuhi. Zamu yake itafika lini? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Hana zamu. Mbio zinazopishana dakika chache kutwa nzima, bila jina la uwanja wala la mkufunzi, ni za kompyuta. Programu huchagua mshindi kwa namba za kubahatisha, picha hufuata baadaye. Kilichoigwa kutoka Uingereza ni rangi za fulana za mbwa kwa namba zao: 1 nyekundu, 2 bluu, 3 nyeupe, 4 nyeusi, 5 ya chungwa, 6 ya mistari myeusi na myeupe. Kompyuta haikumbuki kwamba namba 3 kashindwa mara kumi.

Kabla ya kuweka hela, chukua kalamu upige hesabu ya odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako mbwa akishinda. Tuseme mbwa sita wana 3.5, 4, 5, 5.5, 7 na 9. Ili upate Sh 10,000 mbwa yeyote akishinda, gawa 10,000 kwa kila odi: 2,857, 2,500, 2,000, 1,818, 1,429, 1,111. Jumla ni Sh 11,715. Hiyo 1,715 ya ziada ni ya mwenye duka, mkeka (tiketi yako ya kubeti) uchanike au usichanike. Katika kila Sh 1,000 anabaki na kama 146. Ukicheza mbio 20 kwa Sh 1,000, kwa wastani umemwachia karibu 2,900, na hapo kodi ya ushindi hatujaigusa. Msimu wa malipo ya korosho hesabu hii husahaulika upesi.

SWALI: Kwa mbwa wa kweli, wanaumia? Na serikali za nchi zenye mbio hizo zinapata faida gani? – Msomaji, Nachingwea

JIBU: Wanaumia, na zaidi ni kwenye kona ya kwanza. Mbwa sita, au wanane kule Australia, hutoka kwenye vizimba kwa pamoja, hufika kama kilomita 60 kwa saa, kisha wote wanakimbilia upande wa ndani, chambo cha mashine kinakopita. Wanagongana. Kwa kuwa huzunguka kinyume cha saa, kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia hubeba msukosuko mkubwa, na kimfupa chake cha katikati husagika. Mchanga mgumu huumiza miguu, mchanga tifutifu humtelezesha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney walipendekeza njia iliyonyooka na mbwa wachache. Kwa maoni yetu tatizo liko kwenye kona yenyewe, lakini watazamaji wanaipenda kona.

Mbwa aliyevunjika anahitaji upasuaji na miezi ya kulishwa bila kuingiza chochote. Ndiyo maana wengine huuawa ilhali mguu ungetibika.

Upande wa fedha, Uingereza kampuni za kubeti huchangia mchezo huo asilimia 0.6 ya dau la mbwa, tena kwa hiari. Ireland hutoa fedha ya umma: mwaka 2024 farasi na mbwa walitengewa Euro milioni 95, mbwa wakapata milioni 19. Watetezi wa mbio husema hiyo ni kodi ya kubeti inayorudi ilikotoka. Hatukubali, ikishaingia hazina, inagombea na dawa na barabara. Florida, jimbo la Marekani, ilikuwa ajabu zaidi: sheria ilidai viwanja vikimbize mbwa ili viruhusiwe kuendesha poka, kamari ya karata, hivyo mbwa walikimbia mbele ya viti vitupu. Wapiga kura walizikataa mbio hizo mwaka 2018, na mbio zikakoma mwisho wa 2020. New Zealand nayo ilitangaza Desemba 2024 kwamba mwisho wa mbio zake ni Julai 31, 2026.

SWALI: Tukishindanisha mbwa wetu ufukweni Mikindani sikukuu? – Vijana, Mtwara

JIBU: Mkiweka dau, mnahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Hata bila dau ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, basi mwoneni kwanza daktari wa mifugo wa halmashauri. Na si saa za jua kali: mbwa hupoa kwa kuhema, na joto la mwili likipita nyuzi 41 anaweza kufa. Akianza kuyumba, mmwagieni maji mwili mzima mumweke penye upepo.